Hedifoni za gemu za kumpa mwenzi wako: aina nne, zinamfaa nani?

Umeshaamua zawadi ni hedifoni za gemu. Unaingia maduka ya simu yaliyozunguka soko kuu la Tabora na kichwa kinaanza kuuma: kila boksi lina picha ya taa za rangi, kila boksi linasema hizi ni za wachezaji, na kila muuzaji anaapa, "Dada, hii ni ogi kabisa, chukua hutajuta." Ukiuliza tofauti ya ile ya elfu thelathini na ile ya laki mbili, unajibiwa kwamba ya laki mbili ni kali zaidi. Basi, maelezo yameishia hapo.

Hapa nalinganisha aina nne: za waya zenye pini ya duara, za waya wa USB, zisizo na waya zenye kipokezi chake (kijidude cha kuchomeka kwenye tundu la USB la mashine), na za Bluetooth. Sitachagua moja nikasema ndiyo ya wote. Inayomfaa kijana wa Isevya anayecheza PUBG Mobile kitandani inaweza isimfae hata kidogo mwalimu wa Cheyo mwenye PS4 (PlayStation 4, mashine ya gemu ya kuunganisha na TV) sebuleni. Msimamo wangu ni mmoja tu: zawadi hii huchaguliwa kwa kuangalia tundu la kifaa chake na nyumba anamochezea. Boksi liwe la mwisho kuangaliwa.

Mambo ya kupimia

La kwanza, na ndilo linaloharibu zawadi nyingi, ni kifaa. Anachezea nini? Pedi, yaani vidhibiti vya mkononi, za PS4 na PS5 zina tundu la duara la milimita 3.5 upande wa chini. Pedi za PS3 na PS2 hazina tundu hilo, na mashine hizo bado zipo kwenye sebule nyingi tu. Kwa Xbox One, mashine ya gemu ya Microsoft, pedi za mwanzo za 2013 zilitoka bila tundu. Zilizoanza kutoka 2015 zinalo. Simu nyingi za Tecno na Infinix bado zina tundu la earphone, wakati iPhone ziliachana nalo kuanzia iPhone 7 ya 2016. Laptop nyingi za sasa zina tundu moja la kusikia na kuongea kwa pamoja, ila kompyuta ya mezani kwa kawaida ina mawili: la kijani la sauti na la pinki la maiki.

Huhitaji kumuuliza ukaharibu siri. Akienda kuoga, geuza pedi, piga picha. Piga picha na pembe zote za simu yake. Ukishindwa, mtafute rafiki anayecheza naye, yule shemeji anayekuja kila Jumapili na kumaliza chapati. Huyo anajua kila kitu, hata anachokitamani.

La pili ni kuchelewa kwa sauti. Kwenye waya, sauti inafika wakati uleule bomu linapolipuka kwenye skrini. Kipokezi cha USB kinachelewesha kwa makumi machache ya milisekunde, na wengi hawahisi. Bluetooth ya kawaida mara nyingi huchelewa kati ya milisekunde 100 na 300, yaani hadi karibu theluthi ya sekunde. Kwenye gemu za mpira kama eFootball au EA Sports FC jambo hilo linavumilika, kwa sababu macho ndiyo yanayocheza. Kwenye gemu za risasi kama Call of Duty, anasikia hatua za adui wakati adui ameshaingia mlangoni.

La tatu ni maiki, kama anacheza akiongea na wenzake. La nne ni kichwa chenyewe: uzito, joto, nywele, miwani. La tano ni umeme na uimara. La sita ni bei, nayo uihesabu pamoja na nauli ya mzigo kwenye basi kama unaagiza kutoka Kariakoo.

Kuhusu kichwa, ambacho wauzaji hawakitaji

Jambo hili linagusa aina zote nne, kwa hiyo nalisema kabla ya kuzigawa. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, chumba cha bati hapa Tabora saa nane mchana hakina huruma. Hedifoni kubwa yenye ngozi bandia inafunika sikio lote, jasho linajaa, na baada ya miezi ile ngozi inaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyobaki shavuni. Tafuta zenye mito ya kitambaa, au angalau zenye mito inayovuliwa ili siku moja ibadilishwe. Usiishie kuibonyeza kwa kidole dukani. Ivae, kaa nayo dakika tano ukipiga soga na muuzaji. Kama inabana juu ya utosi ndani ya dakika tano, fikiria saa tatu za usiku wa Jumamosi.

Kama mchezaji ni mke au mchumba wako, kaka, jambo ni kubwa zaidi. Mtu aliyetoka kusuka rasta jana hataki ukanda unaokandamiza mistari, na aliyejaza nywele juu anahitaji ukanda unaorefuka vya kutosha kufika masikioni. Anayevaa hijabu hata ndani, kwa mfano kwenye nyumba yenye wageni wengi, atavalia hedifoni juu ya kitambaa: mto hauzibi vizuri, besi inapungua, na kitambaa kinasugua maiki kila akigeuka. Kwake, earphone za kuingia sikioni chini ya ushungi zinaweza kuwa bora kuliko hedifoni kubwa ya bei mara tatu. Mwenye miwani apewe nyepesi, kwa sababu mkono wa miwani unakandamizwa kati ya mto na fuvu, na hilo linauma taratibu hadi mtu anaanza kuchukia zawadi bila kujua kwa nini.

1. Za waya zenye pini ya milimita 3.5

Kifaa. Zinaingia karibu kila mahali: pedi ya PS4, PS5, Xbox mpya, simu yenye tundu, laptop. Lakini mwambie muuzaji afungue boksi, kisha ishike pini yenyewe mkononi na uhesabu mistari myeusi iliyoizunguka. Mitatu maana yake sauti na maiki vinapita kwenye pini hiyo moja. Miwili maana yake ni sauti tu, hata kama kuna maiki imechomoza mbele ya mdomo. Ukikuta pini mbili, moja ya sauti na moja ya maiki, hizo zilitengenezwa kwa kompyuta ya mezani, na kwenye pedi zitahitaji waya wa kuunganisha.

Kuna mtego mwingine: nyingi za bei nafuu zina pini na waya wa USB pamoja. Mara nyingi ule wa USB hauleti sauti, unawasha taa tu. Taa ambazo mvaaji haoni, maana ziko masikioni mwake! Sijawahi kuelewa faida yake, ila zinauza.

Kuchelewa. Hakuna.

Maiki. Kwa kawaida ni kijiti kinachokuja mbele ya mdomo, na kwa kuongea hakuna namna bora zaidi ya hiyo, hasa chumba kikiwa na feni. Ya JBL Quantum 100 inachomoka, ukitaka kuivaa kwa muziki. Ya Razer BlackShark V2 X haichomoki.

Kichwa. Nyingi ni nyepesi kwa kuwa hazina betri. JBL hiyo ina gramu 220, Razer gramu 240.

Umeme na uimara. Hazichajiwi. Ugonjwa wao ni mmoja: waya kukatika karibu na pini, kwa sababu mtu anainuka kushangilia goli akisahau kwamba amefungwa kwenye pedi. Uzuri wake ni kwamba fundi simu yeyote mwenye lehemu anaweza kubadilisha pini mezani ukisubiri.

Bei. JBL Quantum 100 ilitoka Marekani kwa dola 39.95, na BlackShark V2 X kwa dola 59.99. Zikishasafiri hadi huku bei inapanda, lakini mpangilio unabaki uleule: hizi ndizo za chini.

Zinamfaa mwenye PS4 au PS5, mwenye vifaa viwili vitatu tofauti, na asiyejali waya.

2. Za waya wa USB

Kifaa. Hizi zina kadi ya sauti (kipande kinachotengeneza sauti) yao wenyewe, hazitegemei ile ya mashine. Kompyuta, PS4 na PS5 zinazipokea. Xbox hazipokei hivi hivi, labda ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya Xbox. Kwa simu, ziache.

Kuchelewa. Hakuna kunakosikika.

Maiki. Hapa ndipo zinapopata sifa. Kama laptop yake ni ya zamani na tundu lake linavuma au linakwaruza, wenzake wanaosikia mvumo huo kila akiongea watakushukuru wewe.

Kichwa. Angalia uzito kwa kila moja. HyperX Cloud II, kwa mfano, ni imara lakini inavuka gramu 300 ukihesabu maiki na waya. Boksi lake lina mito ya ziada ya kitambaa, na kwa hali ya hewa yetu hilo ni jambo la maana.

Umeme na uimara. Zinakula umeme wa mashine, kidogo sana. Pima tu umbali: waya wa USB unachomekwa kwenye PS yenyewe, haufiki kwenye pedi. Kama TV iko ukutani na kochi liko upande wa pili, zawadi yako itamkalisha sakafuni.

Bei. Cloud II ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa dola 99.99. Kwa haki niseme kwamba hedifoni yenyewe ina pini ya milimita 3.5, na USB ni kile kiboksi kinachokuja nayo, kwa hiyo inasimama kwenye aina zote mbili.

Nyingi za kundi hili zinajitangaza kwa namba 7.1, yaani sauti ya kukuzunguka kama ya spika nane. Usiongeze hela kwa ajili ya namba hiyo peke yake. Ndani kuna spika mbili tu, moja kwa kila sikio. Kinachofanyika ni hesabu za programu zinazodanganya sikio kwamba sauti iko nyuma. PS5 inafanya hesabu hizo yenyewe kwa hedifoni yoyote iliyochomekwa kwenye pedi, na Windows 10 na 11 zina programu ya kazi hiyohiyo, Windows Sonic, bila malipo.

Zinamfaa anayekaa mezani na kompyuta, hasa anayerekodi au kuongea sana.

3. Zisizo na waya, zenye kipokezi cha USB

Kifaa. Kuna kijidude kama flashi ndogo kinachochomekwa kwenye mashine, na hedifoni inazungumza nacho tu. Soma boksi linataja mashine gani. Sony Pulse 3D ni ya PS4, PS5 na kompyuta. Logitech G435 inakubali hizo pia, na ina Bluetooth ya simu juu yake. Xbox ina zake. Usikubali jibu la "inaingia zote".

Kuchelewa. Kudogo, wachezaji wengi hawahisi.

Maiki. Pulse 3D na G435 zina maiki zilizofichwa ndani ya kikombe cha sikio, hakuna kijiti. Zinapendeza, lakini zinadaka feni na redio ya jirani kuliko kijiti. Kuna jambo hapa linalokuhusu wewe usiyecheza: mtu aliyezibwa masikio hapimi sauti yake, anapaza bila kujua. Kwenye nyumba ya kupanga ambako dari ni moja kwa vyumba vyote, goli la dakika ya 90 saa sita usiku linajulikana hadi kwa mwenye nyumba. Pulse 3D ina kitufe kinachomrudishia sauti yake mwenyewe masikioni, ajisikie anavyopiga kelele. Ni kitufe kidogo, lakini kinalinda usingizi wa watu wengi.

Kichwa. G435 ina gramu 165, nyepesi kuliko nyingi za waya. Pulse 3D inakaribia gramu 300.

Umeme na uimara. G435 hukaa na chaji hadi saa 18, Pulse 3D hadi saa 12. Swali ni tabia ya mtu. Anayesahau kuchaji simu atasahau na hizi, na kama umeme ulikatika jioni nzima ukarudi saa nne usiku, PS itawaka na hedifoni itakuwa imekufa. Pulse 3D ina tundu la kuchomeka waya wa milimita 3.5, kwa hiyo mchezo unaendelea. G435 haina, na waya wake wa kuchajia haupitishi sauti. Halafu kuna kile kipokezi. Kikipotea, kikimezwa na uvungu wa kochi au mtoto akikiona ni mdoli, umepoteza hedifoni yote au sehemu kubwa ya kazi yake, na kukipata peke yake ni shughuli. Mpe na kijikopo cha kukihifadhia, sifanyi utani.

Bei. G435 ilianza kwa dola 79.99 mwaka 2021, Pulse 3D kwa dola 99.99 mwaka 2020.

Zinamfaa mwenye sebule kubwa, mwenye mashine moja tu, na mtu mpangilifu.

4. Za Bluetooth

Kifaa. Simu, tableti, laptop. PS4 na PS5 hazipokei hedifoni za kawaida za Bluetooth moja kwa moja, na Xbox vilevile. Wapo watakaokuambia zinakubali. Wengi wanachanganya na hizi za kipokezi kwa kuwa zote hazina waya. Mwambie muuzaji akuonyeshe.

Kuchelewa. Hapa ndipo zinapodhoofika kwa gemu. Baadhi zina hali ya gemu inayopunguza tatizo, lakini haliishi kabisa.

Maiki. Ubora wa kupiga simu. Kuna kero moja: maiki ikifunguliwa ndani ya gemu, mara nyingi sauti yote inashuka na kuwa kama ya simu ya zamani, kwa sababu njia ileile inagawanywa kwa kusikia na kuongea.

Kichwa. Zipo za kila namna, kuanzia vidude vya sikioni hadi vikombe vikubwa. Kwa hijabu, rasta na joto, vidude vinashinda.

Umeme na uimara. Zinachajiwa. Vidude vya sikioni vina betri ndogo mno zinazochoka kadiri miaka inavyokwenda, na fundi hana la kufanya. Kimoja kikidondoka kwenye bodaboda, zawadi inabaki na sikio moja.

Bei. Kuanzia za machinga hadi za laki kadhaa. Hapa feki ni nyingi kuliko kwenye kundi jingine lolote.

Lakini tuzitendee haki. Hizi ndizo zitakazotumika siku nzima: kazini, kwenye treni ya kwenda Dar, mahubiri, taarabu, simu za mama. Hedifoni yenye kijiti cha maiki hakuna anayetembea nayo Barabara ya Jamhuri.

Kabla hujatoa hela

Jaribu hapohapo dukani. Fungua wimbo, sikiliza kushoto na kulia kila upande peke yake, kisha jirekodi kwa kinasa sauti cha simu na usikilize. Zungusha waya taratibu pale unapoingia kwenye pini. Sauti ikikatika hata mara moja, rudisha. Mwambie muuzaji ni zawadi itakayofunguliwa baada ya siku kadhaa, na mwombe aandike kwenye risiti kwamba siku za kubadilisha zinahesabiwa kuanzia siku hiyo. Ukiagiza kutoka Dar, omba picha ya pini au ya kipokezi, siyo ya boksi.

Na sauti yenyewe: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Nyumbani hatuna kipimo, ila ukikaa naye kochi moja na unaisikia milio ya risasi kutoka masikioni mwake, ni kubwa mno.

Kwa hali yako

Ana PS4 au PS5 na fedha si nyingi: za pini ya 3.5, zenye mistari mitatu na mito ya kitambaa ukiipata. Kinachobaki mnunulie bando.

Ana PS5, sebule ni kubwa, na vitu vyake huwa mahali pake: za kipokezi. Kama hana utaratibu huo, chagua yenye tundu la waya wa akiba.

Anacheza kwenye laptop na tundu lake linakwaruza: za USB. Kama tundu ni zima, pini inatosha.

Anacheza kwenye simu, gemu za mpira au za karata, na anasafiri sana: Bluetooth. Anacheza za risasi kwenye simu: earphone au hedifoni za pini, na kama simu haina tundu, weka kigeuzi kinachoingia kwenye tundu lake la kuchajia ndani ya boksi hilohilo.

Mnalala chumba kimoja na anachezea humo: angalia maiki kuliko sauti. Kijiti karibu na mdomo kinamruhusu kunong'ona na wenzake wakamsikia.

Pedi yake ni ya PS3: nenda nyuma ya TV kwanza utafute tundu la hedifoni. Likiwepo, nunua za pini, na waya wa kurefusha wa mita tatu au zaidi. Lisipokuwepo, usinunue hedifoni mwezi huu. Muulize yule shemeji wa chapati kama kuna pedi mpya anayoitamani.